Picha za Njano Kutoka Wodini

Zahanati,
2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini simu husikii, na kukubali kwamba husikii hutaki, kwa hiyo naandika, tena kwa herufi kubwa.

Nimepewa kamera. Usifurahi kwanza. Unajua kazi yangu hapa ni mapokezi: natafuta mafaili, nawaambia watu wakae kwenye benchi, nawaambia tena. Juzi msimamizi alitoka chumbani kwake na sanduku mkononi, akauliza nani anajua kupiga picha. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nilijisemea, mjomba wangu amekula studio, amelala studio, na mimi nimekulia chini ya meza ya studio hiyo hiyo, basi si ni kama najua? Sijui kitu, Mjomba. Nimeishika siku nzima kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani amshikilie.

Jambo lenyewe ni zito. Daktari wetu hakai hapa. Yuko hospitali kubwa, safari ya nusu siku. Mgonjwa akitutia shaka, hasa hawa watoto wachanga wa wodi ya wazazi, mimi nampiga picha, naituma kwa kompyuta ya mapokezi, na daktari akiiona anaamua: abaki, au gari lije kumchukua. Gari ni moja na halitoki bila neno lake. Kwa hiyo picha yangu ikidanganya, mtoto atabaki hapa ambaye hakupaswa kubaki. Hilo linaniogopesha kuliko kufukuzwa kazi.

Kijitabu cha maelezo hakipo. Mtandaoni nimetafuta, kila neno linaelezwa kwa maneno mengine matatu nisiyoyajua, na hayo matatu nayo yana ndugu zao. Nisaidie. ISO ni nini, na mbona ina namba? Kuna herufi f yenye namba pembeni. Naipandisha nikitegemea mwanga uongezeke, giza ndilo linaloongezeka. Kuna 60, kuna 125, za nini hizo? Na kuna kadi ndogo kama ukucha, wanasema picha zinakaa humo. Zinakaaje?

Nisalimie wote hapo nyumbani, yaani wewe na paka.

Mpwa wako,
Kimbelembele


Nyumbani,
9 Machi

Kimbelembele wangu,

Marahaba, mwanangu. Masikio yangu ni mazima. Ni ninyi watu wa siku hizi mnaoongea kama mmejaza maji mdomoni.

Jina nilikupa mwenyewe na naona bado linakufaa. Lakini umefanya la maana kuniuliza mimi. Kamera ni kamera tu. Wameivalisha koti jipya, ndani ni ile ile. Soma polepole, na usiende kuwauliza watoto wa mjini.

Hiyo f ni tundu la lenzi. Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo. Usiniulize kwa nini. Mimi nilimuuliza bosi wangu wa kwanza akanitoa nje ya chumba cha giza. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi, ila linaona vizuri kitu kimoja tu: ukilenga pua, masikio yanafifia. Tundu dogo linaona mbele na nyuma, lakini linataka mwanga wa kutosha.

60 na 125 ni muda ambao shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, linakaa wazi. Chukua sekunde moja, ikate vipande sitini, kipande kimoja ndiyo hiyo 60. Mtoto akirusha miguu, 60 itakupa ukungu, basi panda hadi 250. Ukipanda mwanga unapungua, kwa hiyo fungua tundu. Ni bomba na ndoo. Unaweza kufungua bomba sana kwa muda mfupi, au kidogo kwa muda mrefu, mradi ndoo ijae isimwagike.

ISO ni ulafi wa filamu. 100 ni mlaji mwenye maringo, anataka jua la nje. 400 anakula chochote, hata mwanga wa ndani, ila picha inatoka na chembechembe kama imemwagiwa mchanga. Na hapa unisikilize: ukishachagua ISO, hubadilishi njiani. Unakwenda nayo mpaka picha ya thelathini na sita. Ukibadilisha katikati umeharibu zote.

Kuhusu kadi, hiyo ndiyo filamu yao. Usiitoe kwenye mwanga hata kwa bahati mbaya. Jifunike blanketi, itoe kwa kupapasa, iweke kwenye kitu cheusi. Mwanga ukiigusa tu, kazi yote imeungua.

Ukikwama niandikie. Haya mambo ya dijitali nayajua nje ndani.

Mjomba wako,
Mzee wa Studio


Zahanati,
17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote uliyosema, na sasa nimechanganyikiwa zaidi.

Nilianza nje kwenye jua, nikaweka ISO 100 kama ulivyosema. Nilipopiga picha kadhaa nikaitwa wodini haraka. Wodini kuna taa moja na dirisha dogo. Picha zikatoka nyeusi tii. Kubadilisha ISO siruhusiwi kabla ya ile ya thelathini na sita, basi nikakimbia kwenda kupiga picha benchi la mapokezi, na mlango, na benchi tena, ili nimalize. Watu waliokuwa wamekaa wakaanza kujipanga vizuri wakidhani ni kumbukumbu. Nilipomaliza, kamera haikusema imejaa. Ilisema bado kuna nafasi ya maelfu. Mjomba, filamu ya maelfu inaishaje?

Halafu kadi. Ili kompyuta izisome picha, kadi inachomekwa kwenye tundu lililo wazi mbele ya watu wote. Nikachukua blanketi la wodini, nikajifunika mimi pamoja na kompyuta. Mama mmoja alikuja kuuliza faili lake akakuta blanketi linamjibu. Fundi wa umeme alikuwa anarekebisha swichi. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema kadi haiogopi mwanga, unaweza kuianika juani kama nguo. Nikamwambia mjomba wangu ameanza kazi hii yeye hajazaliwa. Akarudi kwenye swichi yake, ila mabega yalikuwa bado yanacheka. Labda kadi zenu zilikuwa za aina nyingine?

Hayo ni mzaha. Hili si mzaha: picha zote za wodini zinatoka njano. Kuta njano, shuka njano, mkunga mwenyewe njano. Na ugonjwa ambao daktari anautafuta zaidi kwa vichanga ni manjano. Kwa watoto wetu haionekani upesi kwenye ngozi, inaonekana kwenye weupe wa macho, ndiyo maana anataka macho yapigwe kwa karibu. Jana aliniandikia: "Wodi nzima wanaumwa manjano, au ni kamera yako?" Mtoto mmoja alipelekwa huko bure, mama yake ana mshono mbichi, akarudishwa jioni ile ile mzima wa afya.

Kuna kitufe kimeandikwa WB. Fundi anasema kinahusika na weupe, zaidi ya hapo hajui. Wewe unasemaje?

Mpwa wako,
Kimbelembele


Nyumbani,
24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huyo fundi wa umeme aendelee na swichi zake. Kadi ziko za aina nyingi. Hiyo yenu inaelekea ni ya kisasa zaidi, basi unaweza kuacha blanketi. Na hiyo ISO, kama kamera inakuruhusu kuibadilisha, badilisha, mradi uwe mwangalifu.

WB ni jambo refu, nikikueleza lote karatasi itaisha. Shika msingi. Mwanga una rangi. Jua la mchana ni jeupe, kivulini panaingia buluu kidogo, taa ya kawaida ni njano, na ile taa ndefu ya bomba inatia ukijani. Jicho la mtu linajirekebisha lenyewe, hutambui. Kamera haina akili hiyo, inaandika inachokiona. Kwa hiyo lazima mtu aiambie nyeupe ni ipi, na rangi nyingine zitajipanga zenyewe.

Sasa nyeupe utaipata wapi kwenye wodi ambayo hata shuka zimefuliwa mpaka hazijulikani rangi? Nakupa siri ya studio yangu. Wateja walikuja na mashati ya kila namna, na mengine yaliyoitwa meupe yalikuwa meupe kwa jina. Mimi nilitazama macho. Nilisafisha picha mpaka weupe wa jicho ukawa mweupe, na ngozi ikaja pale pale ilipotakiwa. Watu walitoka kwangu wakijiona wazuri, wakaleta na dada zao. Jicho ni karatasi nyeupe ambayo kila mtu anakuja nayo mwenyewe. Tumia hiyo.

Mzee wa Studio


Nyumbani,
31 Machi

Mwanangu,

Hii inaifuata ile ya wiki iliyopita kabla hujanijibu. Leo asubuhi nikinyoa ndevu nimekumbuka kitu kikanifanya nijikate.

Palikuwa na mteja wangu mmoja, mlevi mwenye heshima zake, macho mekundu kama nyanya. Nilimsafisha kwa macho kama kawaida yangu, wekundu ukatoka, na uso wake wote ukageuka kijani kama jani. Mkewe alipoiona picha aliuliza kama mumewe amekufa. Kwa yule ilibidi nitumie kola ya shati.

Kwa hiyo ile siri ni ya watu wenye afya njema. Anayeumwa usimpime kwa macho yake. Tafuta karatasi nyeupe, ile safi ya ofisini, iweke pembeni ya uso wake, uionyeshe kamera hiyo. Usisahau. Ningeweza kukupigia simu lakini ungeniongelesha kwa kunong'ona kama kawaida yako.

Mzee wa Studio


Zahanati,
1 Aprili

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo mara mbili! Barua yako ya tarehe 24 imefika Ijumaa na nimekuwa mtu mwingine.

Nimekijua kile kitufe. Ukikibonyeza kwa muda, kamera inauliza ionyeshwe kitu cheupe. Ukiionyesha inajifunza, na baada ya hapo kila rangi inaipima kwa hicho. Nimefanya kama ulivyosema: nasogea karibu kabisa na jicho la mgonjwa, namfundisha mdudu huyu weupe, halafu napiga. Kuta zimerudi kuwa kuta. Mkunga amerudi kuwa mkunga, ameomba hata moja aipeleke kwao. Daktari ameandika, "Sasa naona watu." Nimeisoma kwa sauti hapa mapokezi mpaka msimamizi akanikanya.

Leo nimempiga mtoto wa Mama Kinyozi. Ndivyo tunavyomwita, ana saluni ya kunyoa wanaume kule barabarani, na amejifungua mvulana, mtoto wake wa kwanza baada ya kusubiri sana. Mkunga alikuwa na wasiwasi naye kwa sababu analala mno. Alimtazama chini ya taa, akamtazama dirishani, akasema "Sijui, macho yangu yananidanganya, hebu tumwachie kamera." Nikampiga. Picha imetoka safi, macho meupe kama maziwa. Daktari amejibu ndani ya saa moja: "Mzima. Abaki."

Nilikuwa nimeanza kukuonea shaka, nisamehe. Bila wewe ningekuwa bado chini ya blanketi.

Mpwa wako mwenye furaha,
Kimbelembele


Zahanati,
5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Mama Kinyozi alikuja mapokezi juzi asubuhi, anatembea ameshika ukuta. Alitaka kuiona hiyo picha ambayo kila mtu anamwambia inasema mtoto ni mzima. Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Aliitazama, akasema, "Huyu si wangu."

"Ni wako, mama. Nimempiga mwenyewe."

"Wangu hana macho haya. Njoo."

Alinishika mkono akanivuta hadi wodini, akambeba mtoto, akatoka naye uani kwenye jua, na mkunga akatufuata. Akamfunua. Mjomba, macho yalikuwa njano kama kiini cha yai. Mkunga alichomoa karatasi nyeupe kwenye faili lake akaiweka karibu na uso, na hapo hata mtu asiyejua kitu angeona. Nilisimama na ile kamera nikaelewa nilichofanya. Niliionyesha njano nikaiambia hii ndiyo nyeupe. Ikanitii. Iliufuta ugonjwa wote kwenye picha, ikauacha kwenye mwili.

Nikapiga tena, safari hii kwa karatasi. Nikatuma. Daktari alijibu neno moja: "Gari." Mpaka gari linafika mtoto alikuwa haamki hata kwa kupapaswa nyayo, na ziwa likiwekwa mdomoni linakaa tu. Mama yake hakunitukana. Laiti angenitukana. Wameondoka na mkunga, na hatujapata habari, simu ya hospitali haipatikani.

Barua yako ya tarehe 31 imeletwa gari likiwa limeshaondoka. Nimeisoma nimesimama.

Nina hasira na wewe na nina aibu juu yangu, na sijui ipi imezidi. Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kama mtu na mpwa wake. Umewahi kushika kamera ya dijitali?

Mimi


Nyumbani,
10 Aprili

Mwanangu,

Sijawahi.

Studio ilipofungwa hakuna aliyeniuliza tena jambo lolote la picha. Watu wanapiga kwa simu hata mbele yangu, hawanitazami. Ikaja barua yako ikiniuliza f ni nini. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi kupita kiasi, na furaha ikaniandikisha nisiyoyajua. Lile blanketi nilikuwa nakisia. Lile la kutobadilisha ISO ni la filamu. Kitufe cha WB nilikuwa sijakiona kwa macho.

Leo nimekwenda kwenye duka la vifaa vya umeme nikaomba nishike moja. Binti muuzaji aliuliza, "Babu, unatafuta nini?" nikamwambia, kitufe cha WB. Nimekitafuta hicho kitufe mpaka nikakipata. Nimeionyesha kamera karatasi ya njano iliyokuwa pale kaunta, halafu nikamtazama yule binti kwenye kioo. Alikuwa buluu kama maiti. Nikairudisha.

Sina neno la kujitetea. Niambie habari za mtoto. Hata kama ni mbaya, iandike, usinifiche kwa kunionea huruma.

Mjomba wako


Zahanati,
19 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Mtoto yupo. Wamerudi jana na mkunga. Walimlaza chini ya taa za buluu, amefungwa kitambaa machoni, siku baada ya siku, na mama yake amekaa kwenye kiti pembeni akikamua maziwa kwenye kikombe mpaka mtoto alipoweza kunyonya mwenyewe. Daktari anasema tulichelewa lakini hatukuchelewa sana. Masikio yake yatapimwa akikua kidogo, kwa sababu manjano ikizidi inaweza kuyadhuru. Hapo bado roho yangu haijatulia, na sitakudanganya kwamba imetulia.

Hasira imepungua. Bado ipo, ila nimekumbuka kwamba mimi ndiye niliyenyoosha mkono wakati sijui. Sisi wawili tumefanana kuliko ninavyopenda. Bomba na ndoo ulikuwa sahihi, nalitumia kila siku. Sasa hivi kila picha ina kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya uso, daktari ameagiza, na msimamizi amepiga marufuku mtu yeyote kuchukua lile bunda la karatasi isipokuwa mimi.

Jana Mama Kinyozi alikuja mapokezi na mtoto mgongoni. Nilitaka kuingia chini ya meza. Akasema, "Mpige tena." Nikampiga pale dirishani, karatasi pembeni, kila kitu kama inavyotakiwa, na macho yakatoka meupe. Halafu akaomba aione na ile ya kwanza, ile ya uongo. Sikutaka. Akasubiri. Nikaitafuta, nikaikata karatasi kwenye ile mpya ili zibaki sura tupu, nikaziweka pamoja kwenye kompyuta.

Mjomba, ungeapa ni picha mbili za siku moja. Macho meupe huku, macho meupe huku. Nilizitazama mpaka nikapotea, sikujua tena ipi ninayopaswa kuiogopa, ikabidi niangalie tarehe. Nikamgeukia nikamwambia, nisamehe, mama, hata mimi niliyezipiga siwezi kuzitofautisha.

Yeye hakuangalia mara mbili. Aliweka kidole kwenye ya kwanza, juu ya kope, mahali ambapo ukucha wa mkunga umeingia kidogo kwenye picha.

"Hapa amefunguliwa macho," akasema. Akahamisha kidole. "Hapa amefungua mwenyewe."

Ukucha ule ulikuwepo siku zote, Mjomba. Daktari aliuona na mimi niliuona. Tulikuwa tunatafuta rangi.

Mpwa wako,
Kimbelembele